Ubeti wa Shangazi Tumu Nilioukata

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, lakini kwanza ujue unasoma barua ya nani: kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga hakuna koo kama langu, hata majogoo wa Bongwe huningoja nianze. Mwaka jana kampuni moja ya santuri ya Mombasa iliniita nikaimba wimbo wa harusi, nikalipwa shilingi sitini, kisha karani akanijazia fomu akauliza mtungaji ni nani, kwa kuwa kila redio ikiupiga wimbo mtungaji ana fungu lake, nami nikajibu, "Mimi, nani mwingine?" nikatia sahihi kwa madaha ingawa shule niliiachia darasa la tatu.

Mtungaji ni shangazi yangu, Bi Tumu wa Bodo, ambaye hutunga huku akisuka makuti, na kama watungaji wote wa kwetu hulitaja jina lake katika ubeti wa mwisho. Ubeti huo sikuuimba. Alipoisikia santuri kwa jirani aliniambia, "Umeimba vizuri, mwanangu. Mwisho wake umeupeleka wapi?" Nikamwambia santuri ni dakika tatu tu, ilijaa. Akasema, "Haya."

Mwezi uliopita akaenda kuuimba harusini, wasichana wakamcheka: "Bi Tumu, huo wa Iddi, umo kwenye santuri. Tunga wako." Tangu siku hiyo haimbi, na fungu la redio limeshanijia mara mbili, nimenunulia viatu. Nimempelekea kanga, hakuzifungua. Nifanyeje?

Na la kweli nikuambie, Mshauri: santuri haikujaa. Nafasi ilibaki, nikaijaza kwa kurudia kiitikio.

Iddi Chirau, Msambweni

Bwana Iddi,

Koo unalo, sikatai, na majuto yako nayaamini. Lakini mtu umemvua jina, unampelekea nguo? Nenda Mombasa wiki hii, umwambie karani kwamba ulisema uongo, fomu iandikwe upya na fungu liwe la Bi Tumu. Karani akikufokea, fokewa. Ulilokwisha kulila umrudishie, hata kwa kuuza viatu.

Kisha harusi ijayo ya Bodo, simama mbele ya wasichana wale uuimbe wimbo mzima, pamoja na ubeti ule. Usimwombe radhi kabla ya hapo. Pengine hatatunga tena. Hilo sina dawa yake, nawe utaishi nalo. Lakini wale waliomcheka wajue walimcheka mwenyewe.