Trésor na Lile Gari

Mtaa wa Panda, Jumapili usiku

Lakini kwa nini awe Trésor? Mdogo wangu hajawahi kupenda magari, na leo ametuma video kutoka Ubelgiji, ameketi ndani ya gari la spoti ninalolipenda tangu utotoni. Ni toleo jipya, la petroli na betri.

Nilipoionyesha kazini, garaji nzima iliguna. "Haiko na sauti! Ni frigo, friji tu ya magurudumu," akasema Kabwe, fundi mwenzangu. Nikacheka kuliko wote, nikasema wameliharibu.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Na kama Trésor anakupatia funguo, weye utakataa?"

Gari ni zuri mno, limeniuma roho.

Baadaye nikamwandikia Trésor kwa siri: "Tuma video ingine, ya usukani. Toa mikono yako, nijione mimi ndani."