Tetesi za Uhamisho Wangu

Makumira, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua dada Mwanaidi akikusomea neno hilo utaitika marahaba kwa sauti, utadhani nimesimama mlangoni, kisha utamwambia asogee kwenye mwanga asome vizuri. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshampa jirani? Mie huku mzima kabisa. Ni miezi ya baridi, asubuhi mlima Meru hauonekani, watu wanatembea wamejifunga mashuka juu ya masweta. Nimezoea.

Nimeona niandike kwa sababu simu yako, mama, haina subira. Nikianza jambo unampa mjomba, mjomba anampa jirani, mpaka irudi kwako salio limekwisha na jambo langu halijasemwa. Na hili nataka lisemwe lote. Kila wiki unaniuliza uhamisho wangu umefika wapi. Najua chumba umeshakipaka rangi na mtaa mzima wa Ngamiani unajua Hamza anarudi Tanga. Jibu ninalo, ila nivumilie nikusimulie lilivyokuja.

Unakumbuka nilikwambia nacheza besiboli, ule mchezo wa gongo ambao uliniuliza kama watu wazima wanaucheza. Wanaucheza, na hapa Makumira timu yetu ina mashabiki. Wengi wao hilo gongo hawajawahi kulishika, lakini wasikie wakibishana kwenye kibanda cha chai cha Mama Upendo, utasema wamezaliwa nalo. Kazi yangu ni kurusha mpira, mpigaji wa timu pinzani aukose. Na bila kujisifu, naijua. Haya, najisifu. Mkono huu ulianza kwa kuangua ukwaju wa watu kwa mawe, na bakora zake nilizila kwako.

Fainali tulicheza na timu ya Sakina. Mwishoni tulikuwa sare, na wachezaji wao wamejaa kwenye vituo vyote vya kukimbilia. Kwenye mchezo huu mrushaji akitupa mipira minne nje ya shabaha, mpigaji anapewa njia ya bure, na wenzake mbele yake wanasogea. Mama, niliitupa nje yote minne. Bega lilikuwa limekufa, nilishamwambia kocha, akaniambia nivumilie. Mtu wa Sakina wa kituo cha mwisho akasogea akitembea, akapata pointi, wakachukua kombe. Mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Mwalimu ameuza mechi."

Kesho yake ilikuwa ndiyo habari ya Makumira nzima. Mwalimu wa kutoka pwani kanunuliwa na Sakina. Nikienda kunywa chai, Mama Upendo ananiwekea kikombe bila neno, yeye ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akiwa amelala. Nilikasirika, mama. Unanijua, nikikasirika sipigi kelele, nafanya jambo. Nikaingia kwenye kundi la simu la walimu wanaotafuta wa kubadilishana nao vituo. Nikampata Mwalimu Eliwaza, anafundisha Hisabati kama mimi, yuko Tanga, na mume na watoto wake wako huku karibu na Momela. Yeye aje kwangu, mimi niende kwake. Wakuu wetu wa shule wakatia saini. Hapo ndipo nilipokupigia kukwambia nakuja, ukapiga vigelegele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

Sasa msimu wa mechi ukiisha, hawa mashabiki hawana kazi nyingine ila tetesi za usajili. Nani mkataba wake umekwisha, nani anahamia wapi, nani anabadilishwa na nani. Kinara wao ni Baraka, dereva wa bodaboda mwenye watoto wawili, anayefuatilia ligi ya Amerika kwenye simu kuliko anavyofuatilia abiria. Alipopata fununu ya uhamisho wangu hakuelewa kuwa ni mambo ya halmashauri. Kwake ilikuwa ni dili: Makumira inatoa mrushaji, inapokea nani? Wakakaa kibandani kulijadili. Wengine wakasema bora niende. Wengine wakasema hata kama niliuza mechi, huwezi kumtoa mrushaji bila kupokea mrushaji.

Unajua Baraka alifanya nini? Akaitafuta namba ya Mwalimu Eliwaza, akampigia. Akamuuliza anarusha kwa mkono gani.

"Kaka, mimi narusha chaki," yule mama akamjibu. "Na huwa sikosi."

Jioni hiyo nusu ya kibanda ilikuwa upande wa Mwalimu Eliwaza. Mie nilicheka peke yangu nyumbani, na nikachukia kwamba nimecheka.

Lakini katika mazungumzo hayo yule mama alimwambia Baraka jambo jingine. Alimwambia kwamba mwenzake anayebadilishana naye anaondoka kwa sababu ametukanwa, na kwamba yeye, ingawa anataka mno kurudi kwa watoto wake, anaona aibu kuingia nyumba ambayo mtu ametolewa kwa matusi. Nadhani hapo ndipo yalipowaingia.

Jumamosi nilikuwa nje nafua. Nikaona watu watatu wanakuja: Mzee Anaeli, fundi seremala wa zamani ambaye ndiye mlezi wa timu, Mama Upendo na jagi la maziwa ya mgando, na Baraka nyuma yao na helmeti kwapani. Wenyewe huwa wanabeba mbege, pombe yao ya ndizi, lakini wanajua mie Mwislamu. Mzee alikuwa na jani refu la kijani, amelifunga fundo. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikalipokea na mapovu yangu ya sabuni, nikasema, "Asante mzee. Nilipande wapi?"

Mama Upendo akaziba mdomo kwa khanga. Mzee Anaeli akashusha pumzi, akaketi kwenye ndoo yangu niliyoigeuza. Mie nikaona sasa ndio wakati wangu. Mama, nilikuwa na hotuba niliyoitunga wiki kadhaa, ina methali, ina mafumbo, ina mahali pa kumtazama Mama Upendo usoni. Nikakohoa, nikaanza: "Sasa wazee wangu, nataka niwaambie."

"Mwalimu," Mzee Anaeli akanikata, "umeshapokea isale. Hakuna kesi tena."

Ndipo nikafahamishwa. Kwa Wameru, na Wachaga vilevile, aliyekukosea akikuletea jani hilo amekuomba radhi, na huna ruhusa kulikataa. Na ukishalipokea, jambo halifukuliwi. Mie nimelipokea nikidhani ni ua! Hotuba yangu ikafia kooni, na maziwa nikanyweshwa.

Nikamuuliza mzee, "Kwa hiyo mmenifunga, siwezi kuondoka?"

"Nani amekufunga? Tulikutukana, tumeomba radhi. Safari ni yako. Ila usiende umetubeba kifuani."

Walipoondoka nikamalizia kufua. Hasira nikaitafuta sikuiona. Nikajiuliza, sasa kinachonipeleka Tanga ni nini? Jibu zuri nalijua, mama, ni wewe. Nakupenda, na nakukumbuka mpaka inauma. Lakini siku ile naomba uhamisho sikukuwaza wewe hata kidogo. Niliwawaza hawa, watakavyojuta. Nilikuwa narudi kwako ili kuwakomoa watu wengine, na wewe umepaka chumba rangi kwa ajili hiyo. Niliona haya nikiwa peke yangu na beseni langu.

Kwa hiyo sirudi, mama. Nimeandika, nimesoma tena, na sijafuta. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne ni wazuri, wananisikia, na mwaka huu watafanya maajabu. Bega limepona. Hapa ndipo penye kazi yangu, nami naijua.

Mwalimu Eliwaza usimsikitikie. Nilipoghairi, Baraka alizunguka shule zote za Usa River na bodaboda yake akiuliza ni nani mtu wa Tanga anayefundisha Hisabati, mpaka akampata Mwalimu Rajabu wa Muheza, ambaye mkewe anamlilia arudi. Hao wawili wanabadilishana, na makaratasi yao yanakwenda vizuri. Baraka anatamba kuwa ni dili lake la kwanza.

Sasa sikiliza, na usiseme hapana kabla hujamaliza. Tangu baba atutoke unalala nyumba nzima na redio. Sikwambii uje kutembea. Nakwambia uje kukaa na mimi. Baridi unayoiogopa nimeshaiandalia: mablanketi mazito yapo, jiko la mkaa lipo, na chumba chako kinapata jua la asubuhi, ukungu ukiondoka. Msikiti hauko mbali. Nyumba ya Ngamiani Mwanaidi na mumewe wahamie, waache kupanga. Wewe ulinisubiri mimi, ukatengeneza chumba. Mie nimetengeneza changu, nakusubiri wewe.

Nisalimie Mwanaidi msomaji, nisalimie shemeji, na mjomba wa duka la baiskeli mwambie anisamehe, simu zake sipokei. Shangazi mchuuza vitumbua mwambie hajapata mpinzani huku. Majirani uliowaambia narudi, waambie ukweli, usiwafiche.

Na ujue kwamba leo asubuhi Baraka ametangaza kibandani kuwa Makumira inampokea mama mmoja kutoka Tanga. Wamebishana mpaka chai ikapoa, utafika lini, utapika nini, utashabikia nani. Wakanigeukia wakaniuliza kama ni kweli. Nimewaambia kweli.

Mwanao,
Hamza