Reli za Baba, Shaba au Alumini

Andoany, Jumatano, Juni 1998

Hadi leo asubuhi sikujua nimwandikie nini kaka Ali. Kesho barua inaondoka na meli ya Mahajanga, naye anataka jibu: reli za ile treni ndogo anayomnunulia Baba, ya kuzunguka bustani, ziwe za shaba au za alumini?

Vipande viwili alivyotuma tuvijaribu vimekaa uani mwezi mzima. Shaba imekuwa nyeusi kwa hewa ya chumvi. Alumini bado inang'aa, lakini mbuzi alipoikanyaga ilipinda. Ipi bora?

Leo asubuhi nilimpelekea Baba vipande hivyo chumbani. Aliendesha treni ya kubebea miwa mpaka akastaafu, lakini tangu Mama afariki hatoki nje.

"Hii nyeusi," akasema.

"Imeharibika, Baba."

"Haijapitiwa na treni tu. Ikipitiwa kila siku itang'aa."

"Na nani ataiendesha kila siku?"

"Mimi. Viatu vyangu viko wapi?"

Nilishavigawa tangu Ramadhani. Nilidhani hatavihitaji tena. Nikavua ndala zangu nikampa. Akazivaa, akatoka uani kupima bustani kwa hatua.