Herufi Kubwa ya Korongo la Cherehani

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na macho ya Mama je? Asiniambie "nzuri tu" huku anatunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Mimi mzima, ila mawe yamenikondesha.

Ripoti yangu ndiyo hiyo, kurasa tisini na sita. Miaka sita nimelichimba na kulipima lile tabaka la mwamba wa kijivu la korongo la nyuma ya nyumba yetu, na tarehe ishirini Aprili kamati ya majina inakaa kuamua kama linastahili jina lake. Nimeliita Tabaka la Cherehani, kwa kuwa korongo lenyewe ndivyo linavyoitwa. Likikubaliwa, litaingia kwenye ramani na vitabu. Likikataliwa litapewa namba, na mwenzangu wa meza ya pili kazini, anayependa namba kuliko watu, atafurahi wiki nzima.

Wewe umesahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na miwili. Nipitishie kalamu yako nyekundu.

Mwanao

17 Februari

Bi Mawe wangu,

Marahaba. Goti linanitabiria mvua kabla ya redio. Mama yako hajambo, anabahatisha uzi kama ulivyosema, na amenikataza nisikuandikie hivyo.

Nimesoma yote. Ukurasa wa 41 tabaka lina unene wa mita nne, ukurasa wa 70 limefika tisa. Chagua moja. Mikato umeimwaga kama mtu anayelisha kuku.

Sasa hili la herufi kubwa. Herufi kubwa ni cheo, mwanangu. Kiwandani nilimpa Mungu, nikampa mtu, nikaupa mji, na meneja wetu nilimpa shingo upande. Jiwe halina cheti cha kuzaliwa, na ukiliita haliitiki. Kwa hiyo cherehani nimeishusha kila mahali, mara mia mbili na kumi na nne. Ni chombo cha kushonea, basi. Na hiyo namba si mbaya. Namba haina umbea.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Ni mita nne. Usingeliona hilo, ningeumbuka mbele ya kamati nzima, ahsante sana.

Kuhusu herufi, utaratibu wetu ni mwepesi. Jiwe la kawaida kama chokaa tunaliandika kwa herufi ndogo, maana chokaa iko kila mahali. Tabaka lililopewa jina la mahali pake ni hilo moja tu duniani, basi tunaliandika kama mtu. Lakini nadhani hilo unalijua, maana nimehesabu, Baba. Ripoti ina matabaka mengine kumi na moja yenye majina, na yote umeyaachia herufi zao kubwa. Umeishusha Cherehani peke yake. Una ugomvi gani na korongo letu?

Nauliza kwa sababu kamati imeniandikia. Jina la korongo halimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo wanataka barua ya mtu aliyeona jina lilivyoanza, na shahidi atie sahihi. Mama anasema siku mliyohamia yeye alikuwa bado nyumba ya zamani anafagia, na wewe ndiye uliyeona cherehani yake ikitumbukia. Tafadhali waandikie ile habari ya mvuta mkokoteni aliyeachia kamba. Nusu ukurasa inatosha.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Goti linauma. Hayo ni mambo ya kale na kumbukumbu yangu si nzuri. Waulize majirani.

Baba yako

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Majirani wa wakati ule wamehama au wamefariki. Na mtu anayekumbuka unene wa tabaka kutoka ukurasa wa 41 hadi wa 70 hana tatizo la kumbukumbu. Sikulazimishi, ila nisikufiche, nimeumia. Zimebaki siku kumi na sita. Nimeshaanza kuandika Tabaka Namba Saba, na mwenzangu wa meza ya pili kaniletea chai kwa mkono wake.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Barua ya kamati nimeituma leo. Hii ni nakala yako, isome ukiwa umekaa.

"Mimi, msahihishaji mstaafu, nathibitisha kwamba korongo lililo nyuma ya nyumba yangu limekuwa likiitwa Korongo la Cherehani kwa miaka thelathini na minne sasa. Siku tuliyohamia, cherehani ya mke wangu ilianguka kutoka kwenye mkokoteni ikatumbukia humo. Nimekuwa nikisema aliyeachia kamba ni mvuta mkokoteni. Si kweli. Kamba ya nyuma, ya kuzuia mzigo, nilikuwa nimeishika mimi. Suruali ilianza kunishuka, majirani wapya wamesimama milangoni wananitazama, nikaona heri niokoe suruali."

Sasa unajua kwa nini nilitaka herufi ndogo. Jina dogo hufa na wazee wake. Hili la kwako lingenicheka mpaka kaburini.

Nilimsomea mama yako kwanza. Hakuacha kushona. Akasema, "Mvuta mkokoteni yuko mbele anavuta. Kamba ya nyuma angeishikaje? Njia ya mwongo fupi, ila wewe yako umeitembea polepole." Kisha akacheka mpaka akajichoma sindano, na hilo nalo nimeambiwa ni kosa langu.

Ikabaki sahihi ya shahidi. Nikachukua fimbo nikamfuata mvuta mkokoteni mwenyewe. Siku hizi anatengeneza baiskeli karibu na soko. Nilimsomea barua mbele ya wateja wake. Akaniambia kwamba baada ya siku ile watu waliogopa kumpa vyombo vyao, ndipo akaingia kazi ya baiskeli. Nikamwomba radhi, akafuta mikono, akaomba kalamu.

Kwenye nakala ya ripoti iliyobaki kwangu, Cherehani nimeirudishia herufi zake kubwa zote mia mbili na kumi na nne. Chini ya ile barua ya kamati kuna jina la shahidi. Ameliandika lote kwa herufi kubwa, kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Sikulisahihisha.

Baba yako