Harage Moja Kikapuni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini ulinichapa vya kutosha hadi nikajua kwamba mtu hafungui kinywa mbele ya mkubwa kabla ya kumwamkia, na mazoea yana taabu. Nakuandikia nikiwa hapa bomani Morogoro, mchana kweupe, kwa wino wa Mdachi. Karani mwenzangu anadhani ninanakili orodha ya wapagazi. Mwache adhani.

Juzi ukoo ulikaa kumtafuta mtu wa kulibeba jina lako. Desturi unaijua kuliko mimi. Mwanamume wa ukoo akifa, jina lake haliachwi lizurure milimani kama mbuzi aliyekata kamba. Hupewa mpwa, mtoto wa dada, akakalishwa juu ya mkeka, na tangu siku hiyo dada za marehemu humwita kaka. Mpwa wako wa kwanza ni mimi. Na hakuna aliyekuwa pale asiyejua kwamba mimi ndiye niliyekupeleka ukafe mbali.

Nitakueleza walivyoamua. Lakini kwanza niache nikumbuke, kwa sababu kule nyumbani hakuna anayenikumbusha.

Nakumbuka ulivyokuwa ukitoa magimbi motoni kwa vidole vitupu. Mama alitumia kijiti, sisi watoto tulipuliza na kurukaruka, wewe uliingiza mkono kwenye makaa kana kwamba unatoa yai kiotani. "Moto ni mtani wangu," ulisema, ukacheka na ugoro wako ukakutoka puani. Nilijivuna kwa wenzangu kwamba mjomba wangu hasikii moto. Nilijaribu na mimi siku moja, nikaungua, ukanipaka majivu na kuniambia utani wa watu wawili hauingiliwi na wa tatu.

Nakumbuka pia kibaraza chako, mvua ikianguka na ukungu wa mlima Bondwa ukishuka hadi kwenye migomba, ukinifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Mbuzi tuliwahesabu kwa kidole, na maboga pia. Watu ukanikataza. Ulisema ukimnyooshea mtu kidole ukamwita wa tatu, kifo nacho kinasikia, kinajua pa kuanzia. Kwenye msiba, wapishi walipotaka kujua wapike chakula cha watu wangapi, kikapu kilizungushwa, kila mtu akatia punje yake mwenyewe. Hivyo watu walijihesabu, hawakuhesabiwa. Sikuona tofauti yake wakati ule. Nimeiona sasa.

Jumbe alipoagizwa atoe watoto wa kupeleka shule ya serikali, wajomba wengine waliwaficha wapwa zao mashambani. Wewe ulinishusha mwenyewe hadi mjini, siku nzima kwa miguu, ukanikabidhi na kusema, "Huyu anajua hesabu tayari. Mmalizie." Nilipokuja likizo na kanzu nyeupe na kofia, uliniamkia wewe kwanza, kwa dhihaka, ukainama hadi chini: "Shikamoo, bwana mkubwa!" Mama alicheka hadi akakaa. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka vizuri.

Siku moja darasani mwalimu wetu, Mdachi mwenye ndevu nyekundu, alitufundisha habari za ukoma. Alisema ugonjwa huo huanza kimya, ngozi ikafa ganzi. "Mtu akishika moto asisikie, huyo ameshaupata." Wenzangu waliandika. Mimi nilikalia mikono yangu, nikatazama nje. Nilikuwa nimeliona jibu kabla ya swali, na jibu lilikuwa wewe.

Mwaka wa mwisho mwalimu alitutuma, kila mwanafunzi kijijini kwake, na daftari. Tulitakiwa kuuliza mambo matatu: watu wanaishije, wanaugua nini, na wanauza nini sokoni. Alisema serikali haiwezi kutibu isichokijua, na kijiji kitakachosema kweli kitaletewa dawa. Mjomba, niliamini. Sikuwa mnafiki. Nilipanda ule mlima nikiwa na hakika kwamba nimebeba dawa yako kwenye kurasa za daftari.

Habari za biashara walinipa kwa furaha na kuongeza chumvi. Tumbaku, ndizi, mikeka, kila mwanamke alikuwa ameuza kuliko jirani yake. Nilipofika kwenye magonjwa, kijiji kizima kikawa kizima kama chuma. Hakuna aliyewahi hata kukohoa. Ndipo nikajiona mwerevu. Nikachukua kikapu, nikawaambia sitauliza jina la mtu wala sitanyoosha kidole. Kila mtu atie punje yake: aliye mzima mahindi, aliye mgonjwa harage. Bibi, mdogo wa mama yako, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akanicheka kwa mapenzi. "Haya," akasema. "Anayeandika ni wa kwetu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Kikapu kikazunguka. Nilipokimwaga, palikuwa na mahindi matupu.

Nilikufuata shambani kwako, nikiwa nimenuna. Ulikuwa unapalilia, kitambaa kimefungwa mkononi kuficha vidole ambavyo kila mtu alikuwa anavijua. Nilikwambia, "Wananidanganya, mjomba. Daftari lenye mahindi matupu bwana mwalimu hataliamini. Nitaonekana mwongo, nitachapwa."

Uliendelea kupalilia. Kisha ukauliza, "Wewe unataka nini? Maharage?"

"Nataka kweli."

"Na hiyo dawa, umeiona kwa macho?"

"Wameahidi."

Ulisimama, ukaegemea jembe, ukanitazama. Natamani ungenipiga. "Haya," ulisema. "Kesho zungusha tena kikapu chako."

Asubuhi nilikizungusha tena. Nilipokimwaga, harage moja lilitoka, jekundu, likabingirika hadi kwenye mguu wa mama. Mama hakuuliza la nani. Alikugeukia wewe moja kwa moja, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, litoe."

"Nimeshalitia," ulisema. "Mtoto huyu hesabu nimemfundisha mimi. Nisimharibie."

Ningeweza kuliokota nikalitafuna. Harage moja bichi, mjomba, ni kitu gani kulimeza? Watu wote wangeona, na hakuna hata mmoja ambaye angesema neno. Badala yake nikafungua daftari. Palikuwa na mahali pa idadi, nikaandika moja. Kando yake palikuwa na mahali pa jina. Niliwaahidi kwamba sitauliza jina la mtu, na kweli sikuuliza, maana nilikuwa nalijua. Nikaliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote, herufi zimesimama wima, kwa sababu lilikuwa jina lako na nililipenda.

Mwalimu alilisoma daftari langu mbele ya darasa. Alisema hivi ndivyo mtu mstaarabu anavyochunguza matatizo ya watu wake. Nilipigiwa makofi, nikayafurahia. Sitakuficha hilo.

Walipokuja kukuchukua mimi nilikuwa mjini, kwa hiyo haya aliniambia mama, na aliniambia mara moja tu. Walikuja askari wawili na jumbe. Hawakutaka kukugusa, wakakusukuma kwa ncha ya mti mrefu. Walichoma nyumba yako na mkeka wako, wakakuachia chungu kimoja. Jumbe aliona haya, akasema yeye hajui habari hizi zimetoka wapi. Wewe ukamjibu, kwa majivuno kabisa, "Jina langu limeandikwa na mpwa wangu. Ana mwandiko mzuri." Kisha ukashuka kilima kwa miguu yako.

Mama hakunifukuza. Nikienda ananipokea, ananipa maji ya kunawa, ananipa chakula. Ila kande hajapika tena hata siku moja. Mahindi yapo ghalani na maharage yapo, lakini hayakutani chunguni mwake. Angenitukana ningemshukuru.

Nilikufuata kambini, walikowatenga wenye ukoma, mara moja tu, na hilo nalo ni deni la aibu. Nilipita Kingolwira, nikakata porini hadi mtoni, nikakuta ua wa miti na mlinzi aliyeniambia nisimame mbali. Ulikuja upande wa pili. Ulikuwa umekonda, na mguu mmoja umeufunga kwa magunia. Hukuniuliza habari za shule. Uliuliza magimbi yako yamepaliliwa na nani, nikasema mama. Ukafurahi. Kisha ukauliza, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua, "Ile dawa, mwanangu, imefika?"

Hakukuwa na dawa. Palikuwa na ua na mto, na kaburi moja refu lisilofukiwa sawasawa. Nikasema, "Iko njiani, mjomba." Ukatikisa kichwa, ukaniambia niwahi kabla ya jua kuwa kali. Hivyo basi siku ya kudanganya nilisema kweli, na siku ya kusema kweli nilidanganya. Majuto ni mjukuu, wazee wamesema, na wangu alizaliwa hapo kwenye ule ua.

Nilipomaliza shule wakanichukua bomani kuwa karani, kwa sababu ya mwandiko uleule. Barua zote za kambini hupita mezani pangu. Ya mwisho ilikuwa na orodha ya waliokufa, na wewe ulikuwa katikati. Aliyeandika alikuwa na mwandiko mbaya. Nilisoma mstari wako, nikaigonga barua muhuri, nikaiweka mahali pake, kwa sababu bwana alikuwa amesimama nyuma yangu. Nililia baadaye, kule zizini kwa punda.

Sasa nikueleze ya juzi.

Hatukuwa na mwili wala kaburi. Tulikuwa na jembe lako tu, ambalo mama alilificha siku walipochoma nyumba. Bibi alililaza juu ya mkeka mpya uani, na ukoo wote ukakaa kulizunguka. Hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe Bibi akasema, "Mtoto huyu alituletea kikapu. Basi leo kikapu kimwamue. Anayemkubali atie mahindi, anayemkataa atie harage. Na likionekana harage hata moja, jina haliendi kwake. Jina la mtu halibebwi kwa ubishi."

Kikapu kikazunguka, kila mkono ukiingia na kutoka umefumbwa. Kilipofika kwa mama niliangalia chini. Nilijua angetia nini, na nilijua ni haki yake. Kisha Bibi akanisukumia mimi. "Na wewe ni wa ukoo. Tia yako."

Mjomba, nilitia harage. Sikutaka kujionyesha. Niliona tu kwamba kati ya watu wote wale palikuwa na mgonjwa mmoja, na nilikuwa namjua.

Bibi akamwaga kikapu kando ya jembe lako. Mahindi, mahindi, mahindi meupe, na harage moja. Wote wakamtazama mama. Naye hakujitetea. Alikuwa ananitazama mimi, na ndipo nilipofahamu kwamba mkono wake ulitia mahindi.

"Ni langu," nikasema.

"Litoe," mama akasema, kwa sauti ileile ndogo.

"Nimeshalitia."

Naapa sikuyapanga maneno hayo. Yalinitoka. Nilipoinua uso Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kisha akainama, akaliokota lile harage, akalitia mkononi mwangu na kunifumba vidole.

"Mmemsikia," akawaambia. "Mnamtafuta nani tena?"

Nikasema sitaki, sistahili. Hakuna aliyenisikiliza. Walinikalisha mkekani, wakanipa jembe lako, wakaniita kwa jina lako mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ilinibidi nimwitikie. Mama alikuja wa mwisho. Alipiga magoti mbele yangu, mama yangu aliyenizaa, macho yake makavu kabisa. "Karibu nyumbani, kaka," akasema. "Ulikawia."

Usidhani nimesamehewa, mjomba. Nimetwikwa. Mzigo ni wako na kichwa ni changu, na nitautua siku nitakayokufuata. Jioni ile mama alipika kande. Nilikula sahani nzima, na kila harage nililitafuna peke yake.

Huku bomani wananiita kwa jina la zamani, na bwana anataka mwezi ujao niwafundishe wanafunzi wapya jinsi ya kuwahoji watu. Sijui nitawaambia nini. Kule juu nina jina lako. Naliitikia, lakini sitaliandika, mahali popote. Utaona hata katika barua hii halimo, tangu mwanzo hadi hapa. Nililiandika mara moja, likatosha.

Lala salama, popote walipokulaza.

Mimi mpwa wako.