Baba Niliyemwandika Vibaya

Tata,

Shangazi Mujinga amerudi Kamina. Alifika Jumanne, nimemlaza chumbani mwako, kwenye kitanda chako. Yaya Ilunga, mwanao wa kwanza, amekasirika na tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Sijali.

Kosa ni langu, na nimechoka kulibeba bila kukuambia. Unakumbuka nilipokuja kutoka labo ya Lubumbashi na fomu yangu ya ukoo? Mikono yako ilikuwa imeanza kucheza yenyewe. Pale gare ya reli walishakutoa kwenye kazi ya kugeuza njia za treni, wakisema umelewa lutuku. Weye, Mmethodisti uliyekimbia hata harufu yake. Nikajivuna: binti yako anachunguza magonjwa ya ubongo yanayopita kwenye damu, basi atajua. Nikauliza kama baba yako naye aliugua hivyo. Ukajibu, "Baba yangu? Hapana. Alikufa na mikono yake mizima." Nikachora mraba mweupe, maana yake hakuugua. Damu niliyokutoa nikaiweka pembeni, haina haja ya kupimwa.

Kisha nikasimama mbele ya ukoo mzima, nikasema ugonjwa huu si wa damu yetu. Nilidhani nawafariji. Wao wakasikia lingine: kama si damu, basi ni bulozi. Na mlozi nani? Dada yako, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa akikulisha matonge ya bukari kwa mkono wake. Wakamtupia nguo zake njiani. Ulikuwa unalia, Tata, mdomo umeshakataa kusema. Nami nikapanda treni, nikarudi kwenye vipimo vyangu. Hapo ndipo ninapojichukia.

Kwenye kilio chako, pasta alisoma karatasi yako ya ubatizo: mwana wa marehemu Kabamba, wa Kabongo. Kabamba gani? Mimi nilikuwa nimeandika Banza. Kumbe Banza ni mdogo wake, aliyekulea. Kwetu naye ni baba, hukukosea kumwita hivyo. Hata mimi nina baba watatu. Lakini huko labo nilijifunza kuuliza kama fomu inavyouliza, nikasahau swali ambalo mtoto yeyote wa Kamina angeuliza: baba yupi, aliyekuzaa au aliyekulea?

Nikaenda Kinkondja, alikokimbilia shangazi. Nilimkuta anaanika samaki. "Kabamba njo alituzala," akasema. "Alikuwa anatetemeka mupaka bakamufunga ku kitanda." Nikamuuliza mbona hakusema siku ile. "Uliuliza banaume tu. Miye hakuna mwenye aliniuliza."

Samaki walikuwa wanamponyoka. Mikono yake ilikuwa inacheza kama yako.

Damu yako nimeipima sasa. Ugonjwa umo. Yaya Ilunga hataki nitamke neno: "Ukisema ni ya damu, nani ataoa mabinti zetu?" Kwake mlozi mmoja ni nafuu kuliko ugonjwa wa wote. Nilimtukana, Tata, nisamehe. Lakini ninamwelewa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwenye mchoro mpya Kabamba nimemtia wino, na weye, na shangazi. Duara langu, alama ya mwanamke, bado ni jeupe. Sijapima. Nimewatoa damu watu wangapi, lakini sindano hiyo moja ninaiogopa.

Ulizoea kutuambia, "Njia ukiigeuza vibaya, treni haina kosa." Basi Jumapili nitasimama kanisani, mbele ya walewale waliomfukuza, nimemshika shangazi mkono. Nitataja jina la Kabamba. Nitasema ni mimi niliyeigeuza vibaya, na mwanamke huyu hana kosa. Nakuahidi hilo, hata yaya akinikana. Na yeyote wa ukoo wetu atakayenong'ona kwamba ni mlozi, nitamwomba kwanza anyooshe mikono yake mbele, aitazame.

Lala, Tata. Yangu ninaitazama kila asubuhi.

Binti yako