Jina Ulilomtumia Mpwa Wako

Kawajense,
S.L.P. 87,
Mpanda, Rukwa.
18 Juni 1996

Mpendwa mdogo wangu Method,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mwili wako unaendeleaje na baridi ya Ujerumani? Sisi tu wazima. Mume wangu Nkwabi kapona mguu, ng'ombe wapo Ugalla kwa malisho, na mtoto ananyonya vizuri.

Barua yako yenye jina lake ilifika. Ulieleza kuwa Niobe ni sayari ndogo sana, jiwe linalozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Kwamba Mjerumani mmoja aliiona kwa darubini mwaka 1861, katika mji huohuo unaosoma, ikapewa jina la malkia wa hadithi za Wagiriki. Nkwabi alilipenda, akawatangazia majirani.

Method, hadithi yenyewe uliisoma mpaka mwisho?

Jumamosi ya juzi nilikwenda kuandikisha ubatizo kwa Mwalimu Hilari, yule aliyewahi kusoma seminari. Aliposikia jina aliweka kalamu chini. "Mama, huyu Niobe unamjua?" Nikasema ni nyota aliyopewa na mjomba wake. Ndipo akanisimulia. Niobe alikuwa na watoto kumi na wanne, akamdharau Leto, mungu wa kike aliyezaa wawili tu. Wale wawili wa Leto wakachukua pinde, wakawaua watoto wa Niobe. Mwenyewe akalia mpaka akageuka jiwe.

Nilitoka bila kuaga.

Sikushtushwa na jina peke yake. Mwezi wa tano, pale bombani, Mwanaiddi mwenye duka alilalamika kuwa amechoka na kazi za nyumbani. Mimi nikamjibu mbele za watu, "Wangu saba wote wazima na sichoki, wewe na hao wawili unachoka nini?" Najua fika kwamba amezika watatu. Watu walicheka, nami nikacheka. Tangu hapo hakunisalimia, nikasema ana wivu.

Nilifika nyumbani nikawaita watoto wote, nikawagusa mmoja mmoja.

Kisha nikambeba mtoto nikaenda dukani. Mwanaiddi alikuwa na wanawe, Yasser na Kauthar, wanafunga sukari. Nilipiga magoti palepale mlangoni. "Dada, niliyokwambia bombani yalikuwa mabaya. Nisamehe."

Wanawe wakaacha kazi, wakatutazama. Mwishowe akasema, "Nyie mnaona wawili. Mimi kila siku nahesabu watano." Akanyoosha mikono, nikampa mtoto.

Jumapili tumembatiza Esteria, jina la marehemu mama. Usikasirike, najua ulituma kwa upendo. Mwanaiddi ndiye aliyetupikia pilau. Tulipokuwa tunachambua mchele nilimwuliza majina ya wale watatu, akaniambia: Rehani, Mwajuma na Seifu. Miaka sita tumepakana ua, Method, na sikuwahi kuuliza. Wakumbuke katika sala zako.

Nkwabi anakusalimu. Shangazi Nyamizi na Malale wa Shanwe wanauliza utarudi lini. Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Minza